Eksirei kwa Mifugo: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kumsafirisha Mnyama

Katika Milima ya Usambara, ng'ombe wengi wa maziwa hufugwa bandani, na banda lenyewe mara nyingi hujengwa kwenye mteremko. Wakati wa mvua mnyama huweza kuteleza njiani au kuanguka kutoka tuta moja la shamba hadi jingine. Akishindwa kukanyaga, mfugaji hukabiliwa na uamuzi mzito: atibiwe au achinjwe? Picha ya eksirei huweza kusaidia, lakini si kwa kila mnyama.

Hatua ya kwanza

Mfugaji anashauriwa kumwita Afisa Mifugo wa kata kabla ya kukodi gari. Wakati huo mnyama asilazimishwe kusimama wala kutembea. Ng'ombe mkubwa aliyevunjika paja au nyonga ana nyama nene ambayo mionzi ya mashine ndogo ya kubebeka haiwezi kuipenya vizuri, na uzito wake huzuia mfupa kuunga. Kwake, uchunguzi wa mikono mara nyingi hutosha. Kumteremsha kwenye kona za Soni hadi Mombo, kisha kumpeleka mbali zaidi, ni kumwongezea maumivu bila faida. Ndama, mbuzi na mbwa wana nafasi bora, hasa mfupa uliovunjika ukiwa sehemu ya chini ya mguu. Hao hufungwa banzi lenye pamba au kitambaa laini, linalopita kiungo cha juu na cha chini ya jeraha, ndipo wasafirishwe. Miongoni mwa vituo vya rufaa ni hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Picha iliyo bora

Mionzi ya eksirei hupenya mwili na kupokelewa na bamba lililo upande wa pili. Mfupa huizuia kwa wingi, hivyo huonekana mweupe. Hewa huiruhusu kupita, hivyo huonekana nyeusi. Kwa kuwa picha ni kivuli, ufa unaweza kujificha ukitazamwa kutoka upande mmoja. Ndiyo maana daktari hupiga picha mbili, moja kutoka mbele na nyingine kutoka ubavuni, zikionyesha pia viungo vya pande zote mbili za mfupa. Sehemu inayopigwa huwekwa karibu kabisa na bamba, na alama ya kulia au kushoto huwekwa ili mguu usikosewe.

Mnyama akitikisika, picha hupoteza ukali, na kupiga upya ni kuongeza mionzi. Kwa hiyo mara nyingi hupewa dawa ya kumtuliza. Tope na maji manyoyani nayo huacha madoa yanayofanana na ugonjwa. Mnyama asafishwe na kukaushwa, bila kugusa sehemu iliyovunjika.

Usalama wa watu

Mionzi haionekani wala haisikiki, lakini huweza kudhuru chembe hai za mwili. Kinga zake ni tatu: muda mfupi, umbali na kizuizi. Mtu anayesimama mara mbili mbali zaidi na chanzo hupata robo tu ya mionzi. Aproni ya risasi hupunguza mionzi inayotawanyika kutoka mwilini mwa mnyama, lakini haitoshi kumkinga anayeweka mkono mbele ya mashine. Wajawazito na walio chini ya miaka 18 hawapaswi kumshika mnyama wakati wa kupiga picha. Kiwango cha juu kinachokubalika kimataifa kwa mwananchi wa kawaida ni milisiverti 1 kwa mwaka, mbali na mionzi ya asili na ya matibabu yake mwenyewe. Nchini, matumizi ya mashine hizi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 2003.

Maziwa na nyama

Eksirei haibaki mwilini mwa mnyama, wala haiharibu maziwa au nyama. Kinachobaki ni dawa za kutuliza na za maumivu. Mfugaji amuulize daktari idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa au kuchinja. Ikiwa uamuzi ni kuchinja, afisa aelezwe kila dawa iliyotolewa, na nyama ikaguliwe kabla ya kuliwa.