Ugonjwa wa sukari: kipimo cha sukari peke yake hakitoshi, tumbo na tansio vipimwe pia

Katika vituo vingi vya afya vya Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, mgonjwa wa sukari anafika asubuhi bila kula, anatobolewa kidole, anaambiwa namba, halafu anarudi nyumbani. Namba ikishuka, anafurahi. Ikipanda, anaongezewa dawa. Tumbo lake halipimwe. Mara nyingine hata tansio haipimwe, juu mashini imeharibika ao watu wanaongoja ni wengi.

Lakini wagonjwa wengi wa sukari hawauawi na sukari yenyewe. Wanauawa na moyo na mishipa ya damu: mutu anapooza upande mmoja, kinywa kinapinda, ao moyo unasimama ghafla. Na kwa wengi wao sukari haikuja peke yake. Ilikuja pamoja na tumbo kubwa, tansio ya juu na mafuta mabaya katika damu. Mkusanyiko huo ndio wanganga wanaita sindromu ya metaboliki. Munganga Mmarekani Gerald Reaven aliueleza mwaka 1988, akiupa jina la sindromu X, kwa sababu aliona kama mambo haya yanatembea pamoja katika mwili wa mutu mumoja.

Tangu 2009, mashirika makubwa ya moyo na ya kisukari yanatumia alama 5, na mutu akiwa na 3 kati yazo anahesabiwa kuwa na sindromu hiyo. Ya kwanza ni kiuno: kwa Waafrika wa kusini ya Sahara, sentimita 94 ao zaidi kwa mwanaume, 80 ao zaidi kwa mwanamke. (Vipimo hivyo vilichukuliwa kwa watu wa Ulaya, kwa kungoja vya Waafrika wenyewe. Kwa hiyo sentimita moja juu ao chini si ya kupigania.) Ya pili ni tansio inayofika 130 kwa ile ya juu ao 85 kwa ile ya chini, ao mutu tayari anakunywa dawa za tansio. Ya tatu ni sukari inayofika 100 mg/dl mbele ya kula. Mbili zinazobaki zinatafutwa labo: trigliseridi kuanzia 150 mg/dl, na kolesteroli nzuri, ile ya HDL, ikiwa chini ya 40 kwa mwanaume ao 50 kwa mwanamke.

Hesabu iko wazi. Mgonjwa wa sukari ana alama moja tayari, amebakisha mbili tu. Na kiuno na tansio havihitaji labo wala pesa nyingi. Metre ya fundi nguo na mashini ya tansio vinatosha kumujulisha mama wa Minova ao baba wa Beni kama yuko katika hatari.

Kupima kiuno kuna namna yake. Mutu anasimama wima, anaondoa mukaba na kitenge, metre inapita katikati ya ubavu wa mwisho na mufupa wa nyonga, anatoa pumzi bila kukaza tumbo, halafu wanasoma. Si kwa mama mwenye mimba.

Kwa nini tumbo, na si makalio ao mapaja? Mafuta yaliyo chini ya ngozi yanakaa kimya zaidi. Yale yanayozunguka matumbo na ini hayatulii. Yanamwaga asidi za mafuta katika damu, na ini linakuwa la kwanza kuzipokea. Ini likijaa mafuta, halisikii tena insulini. Linaendelea kutengeneza sukari usiku, hata kama mutu alilala njaa, na ndiyo maana wengine wanashangaa kuona sukari ya asubuhi iko juu. Ini hilo hilo linatoa trigliseridi. Kongosho linaongeza insulini ili lisikilizwe, na insulini ikizidi, figo zinashika chumvi, tansio inapanda. Shida inaanza mahali pamoja, inaonekana pahali pane.

Mjini, baba akiota tumbo watu wanasema maisha yanamuendea vizuri. Mama akikonda, majirani wanaanza kunong'ona kama ana sida ao bwana hamulishe. Kwa hiyo munganga anayemuambia mgonjwa apunguze kilo anamuomba jambo zito kuliko anavyofikiri. Wengine hata wanatafuta unene kwa vidonge: dexamethasone, ile wanaita dexa, inauzwa bila karatasi ya munganga. Dawa hiyo inapandisha sukari, inapandisha tansio, na inarundika mafuta kwenye tumbo na uso. Kwa mwenye ugonjwa wa sukari ni hatari kabisa. Lakini mwenye ameinywa kwa muda mrefu asiiache siku moja tu, maana mwili unaweza kuanguka. Amuone munganga aipunguze polepole.

Kuhusu chakula, makosa hayako katika bugali wenyewe, yako katika mulima wa bugali na kijiko cha sombe. Sahani ikigeuzwa, sombe ao lengalenga nyingi, maharagi ao sambaza, na bugali kidogo, sukari inapanda taratibu. Mafuta ya mawese yanapimwa kwa kijiko, hayamwagwe toka chupa. Chumvi ya siku nzima isipite kijiko kimoja kidogo cha chai, na vile vidonge vya kutia ladha katika mboga vina chumvi pia. Sukre na bia, kila mutu anajua.

Mulimaji wa Masisi anapanda kilima na mzigo. Akikimbilia mjini, anakaa siku nzima mbele ya meza ya biashara na anarudi kwa moto. Na kumuambia atembee saa kumi na mbili ya asubuhi katika mtaa wenye wizi wa silaha si shauri la maana. Kuzunguka kiwanja, kuchota maji, kucheza muziki ndani ya nyumba, vyote vinahesabika kama pumzi inaenda mbio kidogo, dakika 30 siku 5 kwa juma.

Kushusha tansio kunalipa kuliko wengi wanavyozani. Katika uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliotangazwa 1998, watu 1.148 wenye sukari na tansio walifuatwa kwa miaka. Wale walioshushwa mpaka karibu 144/82, kuliko wenzao waliobaki 154/87, walipata kupooza kidogo zaidi, kwa asilimia 44, na vifo vya sukari vilipungua kwa asilimia 32. Walitumia dawa za zamani kama captopril na atenolol.

Si kila mwenye sukari ana tumbo. Kuko wagonjwa wembamba, wengine waliokosa chakula cha kutosha tangu utoto. Hao wasilazimishwe kupunguza uzito. Wanahitaji kula vizuri, na wengine insulini. Tansio yao inapimwa vilevile.

Wakati wa kukimbia vita, hatari ni mbili. Dawa zinakatika, na chakula kinakosa. Mwenye kunywa glibenclamide asipokula, sukari inaweza kushuka mpaka anazimia. Akitetemeka na kutoka jasho baridi, apewe chai ya sukari haraka. Kadi ya mgonjwa ifungwe ndani ya sachet pamoja na dawa, ikiwa imeandikwa sukari, tansio, kiuno na majina ya vidonge, ili munganga wa kambi ao wa muji mugeni aanzie pale.