Je, Wajua? Diski Inayosinzia Hovyo Hujichosha

Kwenye vibanda vya laptopu kuukuu Kariobangi, fundi hutega sikio kabla ya kushika bisibisi: tik, kimya, kisha vuuu. Mwenye laptopu hudhani diski imekufa, kumbe inasinzia tu. Ili kuokoa betri, diski ya sahani zinazozunguka huegesha vichwa vyake vya kusomea ikikosa kazi, kisha husimama.

Kuegesha huko kuna kikomo. Diski nyingi za laptopu zimeundwa kustahimili mara 300,000 hadi 600,000. Ikiegesha kila dakika, saa 8 kwa siku, hizo 300,000 huisha kwa siku 625, hata miaka miwili haijatimia!

Kwenye Windows, nenda kwenye mipangilio ya umeme, uweke 0 kwenye muda wa kuzima diski; haitasimama tena. Kwa Linux, amri ya hdparm -B 254, ikifuatwa na jina la diski, kwa kawaida hupunguza hata kule kuegesha. Ila kabla ya kupanda matatu, zima laptopu kabisa, maana vichwa visivyoegeshwa huogopa mitikisiko.

Diski ikizidi kugonga tik hata baada ya kubadilisha mipangilio, nakili faili zako leo, bei ya diski mpya utauliza kesho.