Fahamu: Malori ya sumu yaliyozaa haki ya mazingira Marekani

Januari 2025, Rais Donald Trump alifuta amri ya Bill Clinton ya 1994 iliyozitaka taasisi za serikali kuu kuangalia nani anaumizwa zaidi na uchafuzi: maskini na jamii za wachache. Chimbuko la amri hiyo ni Kaunti ya Warren, North Carolina. Mwaka 1982 jimbo lilianza kufukia huko udongo wenye kemikali ya sumu iitwayo PCB. Wakazi wengi walikuwa Weusi, tena maskini. Walilala barabarani kuzuia malori. Zaidi ya 500 wakakamatwa. Malori yalipita hata hivyo. Ila hapo wapigania haki za Weusi na watetezi wa mazingira, ambao awali kila mmoja alishika njia yake, walikutana. Udongo ulisafishwa miaka 20 na ushee baadaye.