Kiti na Kikombe: Maisha ya Laurean Kardinali Rugambwa



Katika Injili ya Dominika hii ya 29 ya Mwaka B, wana wa Zebedayo wanamwendea Bwana wakiomba viti, mmoja kuume kwake na mwingine kushoto. Bwana anawauliza kwanza kama wanakiweza kikombe chake. Kisha anawafundisha Mitume wote kwamba katika Ufalme wake mkubwa ni yule anayewatumikia wenzake.

Juma lililopita, baada ya Misa katika kigango kimoja hapa Mwandoya, katekista mzee alinijia na swali linalokaribiana na hilo. Paa la kanisa lao limekuwa likivuja kwa masika mawili sasa. Akasema, “Padre, zamani bati zililetwa na mapadre wa ng’ambo. Siku hizi tunasikia tu kwamba nchi yetu ina makardinali. Ukardinali huo watusaidia nini sisi wakulima wa pamba?” Sikupata la kumjibu pale pale. Leo nitajaribu, nami najua kwamba anasikiliza.

Kwanza tuelewe kardinali ni nani. Daraja takatifu ni tatu tu: ushemasi, upadre na uaskofu. Ukardinali si daraja ya nne. Ni wito wa kumsaidia Baba Mtakatifu katika kuliongoza Kanisa lote, na kumchagua mrithi wake pindi Kiti cha Petro kinapokuwa wazi. Neno lenyewe latokana na neno la Kilatini lenye maana ya bawaba, kile chuma kinachoushika mlango. Wapitao mlangoni hawaitazami bawaba, lakini ikikatika, mlango huanguka. Na ile rangi nyekundu ya vazi lake humkumbusha kardinali kwamba anapaswa kuwa tayari kumwaga damu yake kwa ajili ya imani. Hicho ndicho kikombe.

Mwafrika wa kwanza kuitwa hivyo katika nyakati zetu alitoka ng’ambo ya pili ya ziwa letu, katika nchi ya Wahaya. Laurean Rugambwa alizaliwa tarehe 12 Julai 1912. Alikuwa mtoto wa miaka minane alipobatizwa pamoja na wazazi wake, tarehe 19 Machi 1921. Alisoma seminari ya Rubya, kisha Katigondo, Uganda, akapewa upadre tarehe 12 Desemba 1943. Baadaye alipelekwa Roma kusomea sheria za Kanisa. Mwaka 1952 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa eneo dogo la Kagera ya Chini, ambalo mwaka uliofuata likawa Jimbo la Rutabo.

Tarehe 28 Machi 1960, Papa Yohane wa 23 alimfanya kardinali, siku moja na Peter Tatsuo Doi wa Japani na Rufino Santos wa Ufilipino, nao wa kwanza katika mataifa yao. Tuutafakari mwaka huo. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Nchi haijakabidhiwa bendera yake, na tayari mwana wake ameketi katika Baraza la Makardinali, mwenye sauti sawa na maaskofu wakuu wa Ulaya. Miaka mitatu baadaye alikuwa miongoni mwa waliomchagua Papa Paulo wa Sita, na mwaka 1978 alishiriki uchaguzi mara mbili.

Je, kiti hicho alikitumia kwa lipi? Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofunguliwa tarehe 11 Oktoba 1962, maaskofu wa Afrika waliona kwamba wakisema kila mmoja peke yake hawatasikika. Wakaunda umoja wao, naye Kardinali Rugambwa akawa mwenyekiti. Katibu wa upande wa nchi zinazotumia Kiingereza alikuwa Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza, Mholanzi. Mmisionari aliyekuja kutufundisha sasa alifanya kazi chini ya uenyekiti wa mwana wa wale waliofundishwa, na hakuna aliyepungukiwa heshima. Rugambwa alitetea kwamba mataifa yamwabudu Mungu kwa lugha zao, na kwamba mila njema za watu zipokewe na kutakaswa, zisitupwe. Leo tunaposali Misa kwa Kiswahili, tunakula tunda la Mtaguso huo.

Msimamo wake ulikuwa mmoja: Kanisa la Afrika si mgeni nyumbani kwa mwingine. Ni mwana katika nyumba ya Baba. Na mwana ana haki, lakini ana kazi pia.

Tarehe 19 Desemba 1968 aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Katika miaka ya utumishi wake huko, maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa njia ya kulijenga Kanisa kuanzia kwa majirani. Aling’atuka tarehe 22 Julai 1992, akafariki tarehe 8 Desemba 1997. Mwaka 2012, miaka mia moja tangu kuzaliwa kwake, mwili wake ulihamishwa kutoka Kashozi na kuzikwa katika kanisa kuu la Bukoba.

Nasi huku Usukumani? Jimbo la Shinyanga liliongozwa na Askofu Edward McGurkin, Mmarekani wa shirika la Maryknoll, tangu mwaka 1956 hadi 1975, ndipo akafuata Askofu Castor Sekwa, mzalendo. Njia iliyofunguliwa Rutabo ilifika hadi kwetu.

Basi, Mzee wangu Katekista, jibu langu ni hili. Kardinali hatuletei bati. Yeye ni alama kwamba nyumba hii ni yetu, na paa la nyumba huezekwa na mwenye nyumba. Kupokea msaada si dhambi, ndugu husaidiana. Lakini asiyetia mkono wake kwanza, huyo bado anaishi kama mpangaji.

Hapa nami naomba radhi. Paa lile lilipoanza kuvuja, niliandika barua kwa marafiki wa ng’ambo kabla sijaketi na jumuiya zenu hata mara moja. Niliwafanya wageni katika nyumba yenu wenyewe. Dominika ijayo nitakuja kigangoni, tuketi pamoja, tuhesabu kila mmoja ana nini: mwenye pamba, mwenye kuku, mwenye nguvu za mikono tu.

Bwana atujalie tusigombee viti, bali tukipokee kikombe.

Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.