Sarufi ya Taa za Onyo katika Gari la Umeme

Taa za dashibodi ni mfumo wa ishara, na kila mfumo una sarufi yake. Makala hii inafafanua sarufi hiyo kwa kurejelea Nissan Leaf, gari la umeme lililoanza kuuzwa mwaka wa 2010.

Kwanza, rangi hutangulia umbo. Nyekundu huamuru: egesha mahali salama, kisha uzime gari. Manjano hutahadharisha: gari laweza kwenda, ila likaguliwe mapema. Kijani huarifu tu.

Pili, umbo hubainisha kiini. Picha ya kobe humaanisha kwamba nguvu za mota zimepunguzwa, aghalabu kwa sababu chaji inakaribia kwisha au betri kuu ina joto au baridi kupita kiasi. Dereva hana budi kwenda polepole na kutafuta chaji, au kuiacha betri ipoe.

Tatu, wingi wa taa si wingi wa maradhi. Zinapowaka nyingi kwa pamoja, mshukiwa wa kwanza ni betri ndogo ya volti 12 inayolisha kompyuta za gari. Hiyo ikidhoofika, gari hukataa kuwaka hata kama betri kuu imejaa. Ipimwe kwanza.

Hata hivyo, nyaya za rangi ya chungwa zisiguswe ila na fundi aliyefuzu. Hubeba mamia ya volti, nazo huua.

Magari mengi yaliyotumika hufika Kenya kutoka Japani, na baadhi ya skrini zake huandika Kijapani. Kuyafasiri maonyo hayo kwa Kiswahili ni kazi yetu wanafunzi wa lugha, kwani onyo lisiloeleweka halimwokoi mtu.