Ulikwenda Ruma? Mwambie daktari

Mvua za masika zinapopungua, nyasi za Bonde la Lambwe huwa ndefu na mbuga ya Ruma, huko Homa Bay, hupendeza sana. Ndio msimu wa mbayuwayu wa buluu, ndege mgeni kutoka kusini ambaye hukaa huku kati ya Aprili na Septemba. Kwenye migunga utaona twiga na, ukibahatika, korongo, yule swala mkubwa ambaye kundi lake la mwisho nchini Kenya limebaki hapa. Watu hufunga safari kutoka Migori, Kisumu hata Nairobi, na wana haki.

Lakini yupo mwenyeji mwingine: mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Huuma mchana, dume na jike, na hupenda vichaka vyenye kivuli. Ndiye aliyewazuia wafugaji kulijaza bonde hili ng'ombe. Pengine bila yeye korongo wangalikwisha zamani. Ndiye pia huambukiza malale.

Vimelea vya malale huweza kuishi ndani ya mnyama wa porini asionekane mgonjwa. Mwaka 1958 watafiti walivitoa kwa pongo aliyepigwa risasi Nyanza, wakamdunga mtu aliyejitolea. Akaugua malale.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa huu ulilipuka Lambwe. Siku hizi ni nadra. Mkenya wa mwisho kupatikana nao alikuwa mwaka 2009, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa malale si tatizo tena la afya ya umma Kenya. Hiyo haina maana kwamba mbung'o amehama. Ina maana kwamba daktari kijana utakayemwendea huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa malale hata mmoja.

Dalili huanza wiki 1 hadi 3 baada ya kuumwa: homa, kuumwa kichwa na viungo, pengine kidonda chenye uvimbe pale mbung'o alipouma. Ni kama malaria tupu. Kile kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuona malale. Tone la damu chini ya darubini laweza. Nasi madaktari tuna kosa letu, huuliza kila kitu ila "ulikuwa wapi?" Sema mwenyewe. Vimelea vikiingia ubongoni mgonjwa husinzia mchana na kuchanganyikiwa, na asipotibiwa hufa, mara nyingi katika miezi michache. Tiba ipo, na tangu 2024 Shirika hilo limependekeza vidonge vya feksinidazoli kwa wagonjwa wengi.

Ukienda, vaa shati la mikono mirefu, la kitambaa kizito cha rangi ya kaki. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Jinzi iache nyumbani. Funga vioo vya gari vichakani, maana hufuata chochote kinachosonga, na usitegemee sana mafuta ya kufukuza mbu.