Chungu Hukaguliwa kwa Sikio

Mpango wangu wa biashara ulikuwa na kurasa sita, na neno mvua halimo hata mara moja. Nilipanga chumba Itungi, Kyela, kando ya ziwa, hatua chache kutoka bandarini, nikakusudia kuuza vyungu vya Wakisi kwa abiria wa meli na vingine kuvipeleka Mbeya. Kununua Machi, kuuza Aprili, faida Mei.

Anayeijua Kyela ameshacheka. Machi na Aprili ndipo mvua inapomwagika hasa, mashamba ya mpunga yanageuka ziwa la pili. Chungu kibichi hakikauki na kuni zilizolowa hazitoi moto wa kuchomea. Na wale abiria? Mchanga na tope vimejaa miaka mingi hadi kina cha Itungi kikapungua, na vyombo vikahamia Bandari ya Kiwira. Duka langu lilikuwa linatazama mlango ambao watu walishaacha kuupitia.

Vyungu vyenyewe vinatoka Ikombe, ng'ambo ya Matema, pale Milima ya Livingstone inaposhuka wima hadi majini na kuacha kipande kidogo tu cha kulima. Ndiyo maana Wakisi walishika udongo na samaki. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika jinsi Wakisi walivyobadilishana vyungu na chakula cha majirani zao. Ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na Jumamosi mitumbwi inawaleta na mali yao soko la Lyulilo. Biashara niliyojigamba kuianzisha ilikuwa imenitangulia kwa vizazi. Tena ukurasa wa nne niliandika, naona aibu hata kusema, kwamba nitawapa wafinyanzi semina ya masoko.

Nilinunua harakaharaka, nikapanga vyungu kwenye maboksi na kusokota magazeti katikati, kama vikombe vya dukani. Barabara ya Kyela inapanda kona kwa kona hadi Tukuyu, kisha inapanda tena. Stendi ya Mbeya niliinua boksi la kwanza nikasikia kabla sijafungua: vigae vinachakarika. Nilimlaumu dereva, nikalaumu barabara, nikamalizia kwa wafinyanzi. Jumamosi iliyofuata nilikuwa Lyulilo, kigae mfukoni, namtafuta mama aliyeniuzia.

"Uligonga?" akaniuliza, hata kigae hajakitazama.

"Nigonge nini, mama?"

Akapakata chungu, akakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikaitika, sauti ndefu kidogo kama kengele ya mbali. Akachukua kingine, chekundu, kizuri kuliko cha kwanza. Du. Nilikigeuza mara tatu nikitafuta ufa, sikuuona.

"Wewe, mwanangu, ulinunua rangi," akasema.

Kisha akanionyesha wanavyofunga mzigo. Nyasi kavu ndani ya kila chungu na baina ya vyungu, kidogo ndani ya kikubwa, vyote vinakazwa kwa kamba hadi mzigo mzima unakuwa kitu kimoja kisichocheza. Magazeti yangu yalikuwa yamesagika njiani yakaacha nafasi, na chungu kikipata nafasi kinamgonga jirani yake.

Hesabu ndiyo iliyoniuma zaidi. Bei yangu ilikuwa bei ya kununulia, nauli na faida kidogo. Mpagazi sikumweka, ushuru wa soko sikuuweka, wala siku zangu mbili za safari. Na chungu kilichovunjika nacho kililipiwa nauli. Deni lake linabebwa na vilivyofika salama, maana hakuna mwingine wa kulibeba. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika vyungu nilivyonunua, lakini vilivyofika vizima havikuwa na safu yao. Nadhani miradi mingi ya mikono huku kwetu inafia kwenye safu hiyo isiyochorwa. Picha za uzinduzi zinakuwepo, vyungu vimepangwa mstari mezani, na hakuna aliyevigonga.

Chumba cha Itungi nilikirudisha. Siku hizi nachukua mzigo mdogo, nagonga kimoja kimoja, na wauzaji wa jirani wameshanizoea wananitania kwamba nabisha hodi kwenye vyungu.

Mwaka jana nilimwomba yule mama oda kubwa ya Machi, nikatoa na kishika mkono. Akaitazama pesa, akatazama mawingu juu ya mlima, akaniwekea noti zangu kiganjani.

"Njoo Julai," akasema, akarudi kufunga nyasi.

Nikafuta Machi kwenye daftari.